"Mungu hahesabiwi": nini kinahojiwa katika dini, na nini hakihojiwi

Kila Jumamosi saa kumi jioni, barazani kwa jirani yetu hapa Tanga, sanduku la kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, hufunguliwa. Ni sanduku la bati lenye kufuli tatu, na funguo zake wanakaa nazo akina mama watatu wa nyumba tofauti. Mmoja akiwa msibani, sanduku halifunguki. Likifunguliwa, fedha humwagwa juu ya kanga, wahesabu wawili wakahesabu kwa sauti, noti kwa noti, huku wanachama wote wametega sikio. Kiasi kisipolingana na kilichotajwa wiki iliyopita, hakuna agenda nyingine mpaka kijulikane kimekwenda wapi. Mweka hazina ni mama mtu mzima, mcha Mungu, ambaye hakuna aliyewahi kumtuhumu hata kwa shilingi mia. Anahesabiwa vilevile, na hajawahi kununa.

Mama huyohuyo, ikifika Jumapili, hutia bahasha yake kwenye kapu la "mbegu" kanisani, na hajui bahasha ile inaishia wapi. Siku moja nikamuuliza, kwa utani wa ujirani, mbona kule hakuna kufuli tatu. Akanitazama kama ananiona mtoto nachezea moto.

"Kule ni kwa Mungu, mwanangu. Mungu hahesabiwi."

Nimelifikiria jibu lile muda mrefu, na kila nikilirudia naliona ni kweli tupu. Mungu hahesabiwi. Ila aliyebeba kapu je?

Tangu Aprili 2023, makaburi yalipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, suala hili limekuwa gumzo la pwani nzima, na huku kwetu limevuka mpaka. Miili zaidi ya 400 ilitolewa ardhini. Waendesha mashtaka wanadai kuwa mhubiri Paul Mackenzie aliwafundisha wafuasi wake kufunga mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Yeye amekana mashtaka. Mabishano yaliyofuata, vijiweni na kwenye makundi ya simu, yaligawanyika haraka. Wako waliosema tatizo ni dini yenyewe, kwa sababu dini humfundisha mtu kutouliza. Wako waliosema dini haihojiwi, na kwamba wale maskini walipotea kwa sababu hawakuwa na imani ya kweli. Nikiwasikiliza, naona pande zote mbili zinagombania neno "kuhoji" bila kuulizana linamaanisha nini.

Tuanze na maneno, basi.

Imani, amini, amana, amani, mwaminifu: yote haya yametoka kwenye shina moja la Kiarabu, lenye maana ya usalama na kutegemeana. Kwa hiyo mtu akisema "naamini", kabla ya kusema kwamba kichwa chake kimekubali jambo fulani, amesema kwamba kuna mahali ameweka kitu chake na moyo umetulia. Amempa mtu amana. Waraka kwa Waebrania, katika Biblia ya Union, unaiweka hivi: "Basi imani ni kuwa na hakika ya mambo yatarajiwayo, ni bayana ya mambo yasiyoonekana." Itikadi nayo asili yake ni fundo, na inatoka ukoo mmoja na akidi ya ndoa; ndiyo maana tunasema ndoa imefungwa. Mtu mwenye itikadi amefunga fundo, na fundo lina kazi yake. Nanga isiyofungwa vizuri haizuii chombo.

Kuna pia neno ambalo wanafunzi wa madrasa wanalijua: taklidi. Ni kufuata kauli ya mwanazuoni bila kujua dalili yake, yaani ushahidi anaousimamia. Asili yake ni kitu kinachovikwa shingoni, kama kidani. Uzuri wa sura hiyo ni kwamba kidani kinaweza kuwa pambo, na kinaweza kuwa kamba ya kumvutia mbuzi.

Upande wa pili kuna kuhoji, ambalo lina hoja ndani yake. Kumhoji mtu ni kumtaka atoe hoja. Hapa ndipo watu wanapochanganya, kwa sababu kuna ngazi nne na katika mabishano yetu zinakanyagwa kama moja. Kuna kuuliza: sijui, nifundishe. Kuna kuhoji: umesema, nionyeshe ulikotoa. Kuna kushuku: umenionyesha, na bado moyo unasita. Na kuna kukana: sikubali. Anayeuliza si lazima ashuku, na anayeshuku si lazima akane. Lakini mwambie mzee fulani msikitini, "Sheikh, dalili yake ni ipi?" uone anavyokurukisha kutoka ngazi ya pili hadi ya nne kwa pumzi moja.

Barua na aliyeisoma

Enzi za bibi zetu, barua ikitoka mjini kwa mtoto, bibi asiyejua kusoma alimwita kijana wa shule amsomee. Bibi ana imani na mwanawe. Kwa mwanawe hana swali. Lakini mle barazani hayupo mwanawe. Kuna karatasi, kuna maneno yaliyoandikwa, na kuna kijana anayesoma. Kijana anaweza kuruka mstari. Anaweza kusoma "nitakuja baada ya mavuno" akasema "nitakuja mavuno". Akiwa mjanja, anaweza kuongeza wa kwake: "Na huyu anayekusomea, mpe kuku mmoja." Bibi zetu hawakuwa wajinga. Barua ikimtatiza, alimwita kijana wa pili amsomee tena, na hakuna aliyesema kwamba bibi amemkana mwanawe.

Mafundisho ya dini hutufikia kwa njia hiyohiyo. Kuna Mungu anayeaminiwa. Kuna maandiko, ambayo waumini wanayaamini kuwa yametoka kwake. Kuna tafsiri na ufafanuzi, kazi ya wanadamu kwa karne nyingi. Na kuna mtu aliyesimama mbele yako leo, mwenye kipaza sauti. Ukimuuliza huyu wa mwisho, unaitwa barazani kujibu shtaka la kumuuliza wa kwanza. Nadhani fujo nyingi tulizo nazo zimeanzia hapo, pale msomaji wa barua alipojigeuza mwandishi.

Ndiyo maana kupatikana kwa maandiko kwa Kiswahili kulileta mabadiliko makubwa kuliko tunavyokiri. Biblia ya Union ilitoka 1952. Tafsiri ya Qurani ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy ilitoka kamili mwaka 1969, na haikuwa ya kwanza: Godfrey Dale, mmisionari wa Kianglikana, alichapisha ya kwake 1923, na Waahmadiyya yao 1953. Kila moja ilipotoka ilizua ubishi, na ubishi huo ulikuwa dalili njema, kwa maana ghafla bibi alikuwa na kijana wa pili, wa tatu na wa nne wa kumsomea. Hata kabla ya Farsy, Mombasa ya miaka ya 1930 ilikuwa na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui akichapa vijigazeti vyake, Sahifa na Al-Islah, akiwahoji Waislamu wenzake kwa lugha yao. Baadaye, mwaka 1937, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Kuhoji hakukumnyima kilemba.

Waulizaji wawili wa sura moja

Wanaosema kuuliza ni kukufuru wangesoma sura ya pili ya Qurani, Al-Baqara, kwa utulivu. Ndani yake wamo waulizaji wa aina mbili.

Wa kwanza ni kaumu ya Musa. Wanaambiwa wachinje ng'ombe. Amri nyepesi, ng'ombe yeyote angetosha. Wakauliza: ng'ombe gani? Wakajibiwa, si mzee wala si mchanga. Wakauliza: rangi yake? Wakajibiwa, manjano iliyokoza. Wakauliza tena: hasa yupi, maana ng'ombe wanatuchanganya? Kila swali likawaongezea ugumu, na mwishowe wakachinja, nusura wasifanye. Maswali yao hayakutafuta jibu. Yalitafuta kuchelewa. Kila mzazi aliyemtuma mtoto dukani jua likiwaka anayajua maswali ya namna hiyo.

Wa pili ni Ibrahimu, aya ya 260. Anamwomba Mola wake amwonyeshe namna anavyofufua wafu. Anaulizwa: kwani huamini? Anajibu kwamba anaamini, ila anataka moyo wake utulie. Hakukemewa. Aliambiwa achukue ndege wanne, akaonyeshwa.

Huyu ni Ibrahimu, baba wa imani kwa Waislamu, Wakristo na Wayahudi pamoja. Alikuwa na imani na alikuwa na swali, katika kifua kimoja, kwa wakati mmoja. Tofauti yake na wenye ng'ombe haiko kwenye wingi wa maswali bali kwenye alichotaka kukifanya baada ya kujibiwa.

Kwa Wakristo kisa kinachofanana ni cha Tomaso, aliyesema hataamini mpaka atie kidole chake penye alama za misumari. Akaonyeshwa alama. Ni kweli aliambiwa pia, "wa heri wale wasioona, wakasadiki", na wahubiri hupenda kuanzia hapo. Lakini wanaruka kwamba alionyeshwa kwanza. Na katika Matendo ya Mitume, sura ya 17, watu wa Beroya walimsikiliza Paulo kwa moyo mweupe, kisha wakawa wanachunguza maandiko kila siku waone kama asemayo ndivyo yalivyo. Aliyekuwa akichunguzwa ni Paulo, mtume mwenyewe. Tafsiri ya Union inawasifu kwa neno ambalo mtu wa pwani hawezi kulipita bila kutabasamu: inawaita waungwana.

Maneno yanayotumika kufunga mdomo

"Msiwaguse masihi wangu." Hili limekuwa kufuli ya makanisa mengi. Ukiuliza hesabu ya ujenzi, unasomewa Zaburi ya 105. Ifungue uisome yote. Inawazungumzia Ibrahimu, Isaka na Yakobo, wakiwa watu wachache, wageni, wanatangatanga nchi za watu bila mtetezi, na wafalme wanakemewa wasiwaonee. Ni kinga ya mnyonge asipigwe na mwenye nguvu. Kuigeuza iwe kinga ya mwenye gari asiulizwe na mwenye bahasha ni kuisoma barua kichwa chini.

"Papa hakosei." Hili husemwa na wasio Wakatoliki kwa kejeli, na Wakatoliki wengi hawajui namna ya kulijibu. Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, mwaka 1870, haukusema kwamba kila litokalo kinywani mwa Papa ni sahihi. Ulisema hakosei anapotangaza rasmi, kwa mamlaka yake kama mchungaji wa Kanisa zima, fundisho la imani au maadili linalowafunga waumini wote. Tangu hapo hilo limefanyika waziwazi mara moja, mwaka 1950, alipotangaza Kupalizwa Mbinguni kwa Bikira Maria. Maoni ya paroko wako kuhusu mgombea wa udiwani hayamo.

"Hilo ni fumbo." Misani padri husema "Fumbo la imani" na waumini wakaitikia. Kitheolojia, fumbo ni jambo pana ambalo akili inaweza kuingia na kuingia tena isilimalize, kama mtu anavyochota bahari. Halikatazi kuchota. Na Kiswahili chenyewe kinajua hivyo, ndiyo maana tunasema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua.

Na anayekubali je?

Hapa lazima nigeukie upande wangu, kwa sababu mama wa kikoba hakuniacha salama. Baada ya kuniambia kwamba Mungu hahesabiwi, aliniuliza: "Na wewe tarehe uliyozaliwa uliijuaje? Ulikuwepo, lakini hukuwa na habari. Umeambiwa na mama yako, ukaamini, na leo unakata keki."

Alinipata. Tuna tabia, sisi tuliosoma kidogo, ya kudhani kwamba anayehoji ndiye mwenye akili na anayekubali ni bumbuwazi. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya tunayoyajua tumeyakubali kwa kuaminiana. Sijawahi kupima kama dunia inalizunguka jua. Sijawahi kufungua kidonge nione kama ndani mna kilichoandikwa nje. Mtu akitaka kuhakikisha kila kitu kwa mkono wake mwenyewe, hatatoka kitandani.

Na kuna mambo katika dini ambayo kuyapima kwa mizani ya faida ni kutumia rula kupima uzito. Kwa nini Adhuhuri rakaa nne na Magharibi tatu? Wanazuoni wa Kiislamu hutenganisha ibada na mambo ya kuishi na watu. Katika ibada unasimama kwenye dalili: imeelekezwa hivi, tunafanya hivi. Sayyidna Ali amepokewa akisema kwamba lau dini ingekuwa ni rai tu, basi sehemu ya chini ya khofu, yaani viatu vya ngozi ambavyo anayetawadha hupaka maji juu yake badala ya kuosha miguu, ingestahiki kupakwa maji kuliko ya juu. Maana chini ndiko kwenye vumbi! Alikuwa ameliona swali kabla yetu, na akaikubali ibada macho wazi. Khalifa Umar naye, mbele ya Jiwe Jeusi la Makka, alisema anajua ni jiwe, halidhuru wala halinufaishi, na kwamba lau asingemwona Mtume akilibusu asingelibusu. Kisha akalibusu. Mimi nauona ule kuwa mfano safi kuliko yote ya kukubali bila kujidanganya: amejua anachofanya, amejua asichokijua, na amejua anamfuata nani.

Kuna anayekubali hivyo, na kuna anayekubali kwa sababu hajawahi kujua kwamba kuna kuchagua. Imamu Ghazali, aliyefariki 1111, aliwaeleza hawa vizuri, kwa kuwa yeye mwenyewe aliwahi kuwamo. Anasimulia kwamba aligundua watoto wa Kikristo wakikua Wakristo, wa Kiyahudi Wayahudi, wa Kiislamu Waislamu, akajiuliza yake ameipata vipi. Anasema mwenye taklidi hubaki salama maadamu hajui kwamba yumo kwenye taklidi. Siku akijua, kioo kimepasuka, na kioo kilichopasuka hakiungwi kwa kubandika; hurudishwa motoni, kikayeyushwa na kufanywa upya. Mwaka 1095 aliacha kiti chake cha ualimu Baghdad, kiti kilichokuwa kikitamaniwa kote, akaenda zake. Alirudi kwenye imani, tena ndiye aliyeitwa Hoja ya Uislamu. Hakurudi kwa hoja peke yake, mwenyewe amekiri. Alisema ni nuru aliyotiwa kifuani. Kwa hiyo si kila swali hujibiwa kwa hoja.

Swali linapofungiwa mlango

Basi Shakahola inaingia wapi? Si kwenye kukubali, maana mama wa kikoba naye amekubali, na Umar alikubali. Rudini nyuma hadi Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, Machi 17, 2000, siku ambayo mamia ya waumini wa kundi lililojiita la Kurejesha Amri Kumi za Mungu waliteketea ndani ya jengo lao. Katika kundi lile watu walikatazwa kuzungumza ovyo, wakawa wanawasiliana kwa ishara za mikono, eti wasije wakavunja amri ya kutoshuhudia uongo. Hebu jaribu kuhoji kwa ishara. Unaweza kuomba maji. Unaweza kusema nimechoka. Huwezi kusema "ulituambia dunia itaisha mwaka jana". Na taarifa za wakati ule zilieleza kwamba mwisho wa dunia ulipopita bila kutokea, kuna waliotaka warudishiwe mali walizouza na kukabidhi kwa viongozi. Swali lao lilikuwa la kikoba kabisa.

Ndiyo maana kuuliza "fundisho hili ni la ajabu au si la ajabu?" hakusaidii sana. Dini zote, kwa jicho la mgeni, zina mambo ya ajabu. Linalofaa kutazamwa ni linalompata anayeuliza. Anajibiwa, au anatangazwa ana pepo? Anaweza kuondoka akarudi kwao, au ameshauziwa shamba msituni? Anaruhusiwa kumwita kijana wa pili amsomee barua? Mtoto mgonjwa akipelekwa hospitali, mzazi anaombewa au anatengwa? Fundo la itikadi hufungwa na mwenyewe, na mwenyewe anajua ncha ya kamba ilipo.

Niliyoyasema yote haya, msikitini kwetu yanaonekana kila alfajiri. Imamu ni Mshafii, mfuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, kama sisi wengi wa pwani. Rakaa ya pili, akishainuka kwenye rukuu, anainua mikono na kusoma kunuti, dua isomwayo kwa kusimama. Kuna kijana mmoja, aliyesoma nje, haioni kuwa na dalili yenye nguvu. Yeye husimama kimya, mikono ameiteremsha, anasubiri. Imamu akiporomoka kusujudu, naye anaporomoka. Tukishatoa salamu wanakutana kwa muuza kahawa. "Hadithi ya Anas," anasema imamu. "Dhaifu hiyo, sheikh," anasema kijana. Imamu anamtajia walioipokea, kijana anamtajia walioikosoa, muuza kahawa anawaongezea vikombe kwa kuwa anajua hawatamaliza leo. Miaka sita sasa. Juzi imamu alisafiri, akamwachia kijana kuswalisha. Hakusoma kunuti. Wazee wa safu ya mbele waliguna kidogo, wakasujudu.